Kwa nini msitu mdogo wa Amani una mimea mingi isiyoota penginepo duniani?

#1 Mgosi wa Muheza
Wakuu, salaam.

Kuna jambo nataka tulichambue, maana kila ninayemuuliza ana jibu lake. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, kule Usambara Mashariki, haifiki hata hekta 8,400. Lakini humo ndani kuna mimea ambayo ukitoka nje ya milima ya Tao la Mashariki, yaani safu za milima ya kale kuanzia Taita kule Kenya hadi Mahenge, huioni tena, na mingine ukivuka tu Usambara Mashariki ndiyo basi. Kuna mtambara, mti unaokwenda juu mpaka shingo inauma kuutazama. Kuna msambu na matunda yake makubwa ya kahawia. Kuna lile ua la zambarau, Saintpaulia, ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alilipeleka kwao mwanzoni mwa miaka ya 1890, na leo linauzwa kwenye vyungu karibu dunia nzima.

Msimamo wangu: sababu ni bahari. Ukipima kwa mstari ulionyooka, kutoka pwani hadi ile milima ni kama kilomita 40 tu. Upepo unafika na unyevu wake wote, unagonga mlima, unapanda, unapoa, unamwaga. Amani inapata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka. Anayebisha aje na hoja.

#2 Kahawa Chungu
Nimekaa siti ya mbele. Waje wajuzi.

#3 Mwana wa Tukuyu
Mgosi, kama ni mvua tu basi sisi wa Tukuyu tungeongoza nchi nzima. Kwetu milimita 2,000 zinavukwa bila shida. Msitu wa Rungwe upo, mzuri na mkubwa, lakini mimea yake ya pekee haisogelei ile ya Usambara. Hoja yako ina tobo.

#4 Mgosi wa Muheza
Soma vizuri, mkuu. Sijaongelea wingi peke yake. Kwenu mwezi wa 8 na wa 9 mvua inakata, mnaanika mahindi. Amani hakuna mwezi unaopita mkavu. Kuna masika, kuna vuli, na katikati yake manyunyu na ukungu. Mbegu ikidondoka chini haikutani na kiangazi cha kuiua.

#5 Jiwe Gumu
Nyote mnaangalia juu mawinguni, angalieni chini ya miguu yenu. Rungwe ni volkano, changa. Usambara ni miamba migumu iliyopikwa na joto na mgandamizo ardhini mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, kisha ikainuliwa kwenye nyufa. Kuinuliwa huko kunakadiriwa kulianza angalau miaka milioni 30 nyuma. Mmea unahitaji muda ili ugawanyike na kuwa aina mbili, na Usambara imekuwa na huo muda. Rungwe bado.

Nilipokuwa chuo tulipelekwa kukusanya mawe kule, na yule mhadhiri wetu alituambia tusihangaike kutafuta majivu ya volkano, hayapo.

#6 Mangi wa Machame
Hapo Jiwe Gumu umeua hoja yako mwenyewe. Kilimanjaro nao uko kwenye Tao la Mashariki, na ndiko uliko mti mrefu kuliko yote Afrika. Ulipimwa, mita 81.5. Mbona hamwitaji?

#7 Jiwe Gumu
Mangi, mti ni kweli, ulitangazwa 2016, ni Entandrophragma excelsum, uko kwenye bonde la upande wenu. Hongereni. Lakini Kilimanjaro haumo kwenye Tao. Tao la Mashariki ni safu 13: linaanzia Taita kule Kenya, linashuka Pare Kaskazini na Kusini, Usambara Magharibi na Mashariki, Nguu, Nguru, Ukaguru, Rubeho, Uluguru, Malundwe, Udzungwa, linaishia Mahenge. Kilimanjaro ni volkano, umri wake haujafika hata miaka milioni 3. Na urefu wa mti mmoja si hesabu ya aina za mimea.

#8 Mangi wa Machame
Sawa kuhusu safu. Ila mti wetu ndio mrefu, liandikwe hilo.

#9 Mwalimu wa Zamu
Limeandikwa, Mangi, kaa chini tuendelee na somo.

Umri wa mlima hautoshi. Mlima unaweza kuwa wa kale na msitu wake ukafa na kurudi mara kumi. Kinachotakiwa kuthibitishwa ni kwamba msitu wenyewe haukuondoka. Na hapo kuna ushahidi mzuri wa chavua, ule unga wa maua. Chavua ya miti ikidondoka kwenye kinamasi inazikwa na tope, tabaka juu ya tabaka, na haiozi kirahisi. Watafiti walichimba tope la vinamasi vya Udzungwa na Uluguru, wakasoma tabaka zinazorudi nyuma zaidi ya miaka 40,000. Maana yake wamepita kipindi chote cha mwisho cha barafu, wakati sehemu kubwa ya Afrika ilikauka na misitu ya Kongo ikanywea. Walikuta chavua ya miti ya msituni inaendelea, haikatiki. Msitu ulipanda na kushuka kidogo mlimani, lakini haukutoweka.

Sababu wanayoitoa inamrudishia Mgosi pointi: Bahari ya Hindi haikupoa sana kipindi kile, ikaendelea kuleta unyevu. Kwa hiyo Mgosi na Jiwe Gumu hamgombani kama mnavyodhani.

#10 Mgosi wa Muheza
Mwalimu, ubarikiwe.

#11 Jiwe Gumu
Subiri, Mgosi, usishangilie. Tope lile ni la Udzungwa na Uluguru, si la Amani. Na miaka 40,000 kwa mti ni muda mfupi. Mimea ya Usambara ambayo ndugu zake wa karibu wako Kongo na Afrika Magharibi haikutengana nao juzi. Ilitengana nao pale msitu uliounganisha pwani mbili za Afrika ulipokatika katikati kwa ukame, na hapo tunahesabu mamilioni.

#12 Mtaita Damu
Jameni, majirani, hamjambo. Nimeona Taita imetajwa, asante Jiwe Gumu, wengi husahau sisi.

Kwetu kuna kitu kinachoweza kusaidia huu mjadala. Misitu ya Taita imebaki vipande: Mbololo, Ngangao, Chawia na vingine vidogo juu ya vilele. Mbololo kuna Saintpaulia yake, ile ya teitensis, na haipatikani Ngangao, sembuse Usambara. Mbololo na Ngangao unaziona kwa macho, moja ukiwa juu ya nyingine. Katikati kuna bonde na mashamba tu. Sasa niambieni, kama ni mvua, zote mbili zinanyeshewa. Kama ni umri, ni mwamba uleule. Kilichobaki ni utengano. Bonde kavu ni ukuta kwa mmea unaotaka kivuli na jiwe lenye unyevu.

#13 Mwana wa Tukuyu
Hii ya Mtaita imenishika. Tao lote ni visiwa basi, ila badala ya maji kuna nyika.

#14 Karatasi Kavu
Naingia kwa upande mwingine kabisa, na najua sitapendwa.

Amani inaonekana tajiri kwa sababu ndiko walikotafuta zaidi. Wajerumani walifungua taasisi yao ya utafiti wa kilimo na baiolojia pale 1902. Hata kabla ya hapo, Carl Holst alikuwa anakusanya mimea Usambara miaka ya 1890. Walikuwa na wataalamu wanaoamka asubuhi, wanafungua mlango, na msitu uko hapo. Mkusanyo wa mimea mikavu ulioanzia Amani ndio uliokuja kuwa wa Afrika Mashariki nzima, ukahamishiwa Nairobi 1950. Angalieni ni mimea mingapi jina lake la kisayansi linaishia usambarensis au amaniensis. Mkusanyaji alikuwa anaishi pale.

Sasa chukueni Nguru, au Rubeho, au Mahenge. Nani aliishi kule miaka 40 akikausha majani kwenye magazeti? Nimefanya kazi kwenye chumba cha mimea mikavu cha chuo kimoja hapa nchini. Kabati la Tanga limejaa hadi milango haifungi. Kuna milima ambayo sampuli zake zote unazibeba kwa mikono miwili.

#15 Binti Mbomole
Karatasi Kavu, shikamoo, maana unaonekana mkubwa. Ila sikubali. Nimezaliwa chini ya kilima cha Mbomole, baba yangu alikuwa anaongoza wanasayansi msituni. Watu wanakuja kila mwaka na bado wanaondoka na vitu visivyo na jina. Kama utajiri ungekuwa ni wa karatasi tu, baada ya zaidi ya miaka 100 ya kutafuta wangekuwa wamemaliza.

#16 Karatasi Kavu
Marahaba, binti. Umenisaidia bila kutaka. Ikiwa Amani iliyotafutwa miaka 100 bado inatoa vipya, milima isiyotafutwa inaficha vingapi? Mwaka 2025 lilitangazwa jitu la mti, Tessmannia princeps, kutoka misitu ya Udzungwa. Linafika mita 40, na kuna miti inayokadiriwa kuwa na umri wa maelfu ya miaka. Halikuwa ua la kujificha nyuma ya jiwe. Wanavijiji walikuwa wanapita chini yake siku zote, ila hakuna mtaalamu aliyekuwa amepita na mkasi na karatasi.

Kazi ya kuorodhesha mimea yote ya porini ya Kenya, Uganda na Tanzania ilianza kuchapishwa 1952 ikakamilika 2012, aina 12,104. Na tangu ikamilike, aina mpya hazijaacha kuongezwa.

#17 Kahawa Chungu
Mita 40 na hakuna aliyeliona? Nimeduwaa.

#18 Mpita Njia
Swali la mtu asiyejua. Hiyo mimea ya pekee ni mingapi hasa? Nimesikia 800.

#19 Mwalimu wa Zamu
Mpita Njia, 800 ni makadirio yanayotajwa sana kwa Tao zima la safu 13, si kwa Amani. Na hesabu inategemea nani anahesabu. Saintpaulia ni mfano mzuri: zamani walizihesabu zaidi ya aina 20, baadaye wakaona nyingi ni sura tofauti za aina moja, wakaziunganisha. 2015 wakazihamishia zote kwenye jenasi, yaani kundi la mimea yenye undugu, ya Streptocarpus. Mmea uleule, jiwe lilelile, lakini kwenye orodha umepungua. Kwa hiyo hoja ya Mtaita kuhusu Mbololo bado ina nguvu, ila inategemea kama wahesabuji wataendelea kuitambua teitensis kama aina inayojitegemea.

#20 Mtaita Damu
Wataitambua. Ukiiona majani yake hutabisha.

#21 Mzee wa Shebomeza
Wanangu, habari za asubuhi. Mjukuu wangu ndiye ananisomea na kuniandikia.

Nimesoma yote. Mnazungumza miaka milioni, nami nataka kusema ya miaka hii ambayo nimeiona. Mimi nilifanya kazi ya msumeno. Ukataji wa mashine ulifika mpaka katikati ya miaka ya 1980. Tulitoa mitambara kwa ajili ya mbao za tabaka. Mtambara mmoja ukianguka unaburuta mingine mitano, na trekta likipita linafungua barabara ya jua. Kwenye jua hilo hakikuota kilichokuwepo. Uliota mhesi.

Mhesi si mti wa Usambara. Uliletwa, ukapandwa. Unakua haraka, unazaa mapema, na hondohondo anaupenda mno. Anakula tunda huku, anatema mbegu kule, bonde la tatu. Leo nenda uone sehemu tulizokata. Kwa mbali unasema huu msitu mzuri. Ingia ndani, mhesi, mhesi, mhesi. Mnapouliza kwa nini Amani ina mimea mingi, ulizeni pia inabaki kwa muda gani.

#22 Mgosi wa Muheza
Mzee wetu, shikamoo. Ahsante kwa kutuamsha.

#23 Mtoto wa Kagera
Shikamoo mzee. Mhesi msiutukane sana, kwetu Minziro ni mti wa asili na una heshima zake, mbao na kuni tunapata. Uko na ndugu zake wanaoubana, hautawali.

#24 Mwalimu wa Zamu
Mtoto wa Kagera kasema jambo la msingi. Mti hauna ubaya kwake, unakuwa tatizo ukihamishwa. Ila nimweleze mzee kwa heshima kwamba kuhusu mhesi watafiti hawajaafikiana. Miaka ya 1980 walitabiri utameza msitu wote. Baadaye wengine wakapima wakaona chini ya mhesi miche ya miti ya asili inaota, kwa hiyo huenda mhesi ukizeeka na kuanguka wenyeji watarudi. Inategemea mbegu za wenyeji zipo karibu au la.

#25 Mzee wa Shebomeza
Miche ipo, mwalimu, nimeiona. Lakini mche si mti. Mhesi ukianguka unafungua jua tena, na kwenye jua nani anawahi? Halafu kuna vichaka vingine vilitoroka kutoka kwenye bustani ya taasisi ile ile ya Wajerumani, walileta mimea ya kila bara kuijaribu. Mwingine ulikaa palepale, mwingine umeshuka mpaka Zigi, kule chini ya mlima.

#26 Binti Mbomole
Babu anasema kweli. Na kuna kitu kingine kisichoonekana kwenye picha za setilaiti: iliki. Iliki inataka kivuli, kwa hiyo mkulima haangushi miti mikubwa. Anafyeka ya chini. Juu msitu umefunga, chini hakuna mche hata mmoja wa mti, ni iliki tupu. Miaka michache ya kwanza unavuna vizuri, kisha udongo unachoka, mavuno yanashuka, unahamia mihogo au magimbi na hapo ndipo miti mikubwa inaondoka. Udongo wetu ukiuona mwekundu na mvua yote hiyo unadhani una rutuba. Rutuba yenyewe imo kwenye majani yanayooza na mizizi, mvua imeshaosha kilichobaki.

Shangazi zangu walikuwa na iliki Derema. Eneo lile likachukuliwa kuwa ushoroba wa kuunganisha misitu, watu wakalipwa fidia, na maneno ya ile fidia mpaka leo hayajaisha vijijini. Sisemi hifadhi si nzuri. Nasema msitu una watu.

#27 Jiwe Gumu
Binti, hiyo ya udongo kuoshwa inaingia kwenye swali letu. Udongo maskini unazuia mmea mmoja usitawale. Mahali penye rutuba nyingi anayekua haraka anawafunika wengine.

#28 Mwana wa Tukuyu
Kwa hiyo sasa tuna bahari, umri, visiwa, karatasi, na udongo maskini. Na huo udongo maskini unamkataa vipi mhesi anayekua haraka?

#29 Jiwe Gumu
Nitarudi na hilo.

#30 Mla Msambu
Wagosi hamjaongelea chakula. Msambu: tunda linaning'inia kama kifuko, zito, ndani mbegu zimejaa mafuta. Bibi alikuwa anaziponda na kuchemsha, mafuta yanaganda meupe, tunapikia. Miaka ya 2000 wakaja wanunuzi wa mbegu kwa ajili ya viwanda vya nje, kila mtu akawa anaokota.

Nataka kuwaonya wenye mashamba: msambu una dume na jike. Dume linatoa maua, halizai. Jirani yetu alikata "miti isiyozaa" yote apate nafasi ya pilipili manga. Baada ya misimu kadhaa majike yake yakaanza kushindwa kushika matunda, naye akasema ni ugonjwa. Ukiona msambu usiozaa uache.

#31 Kahawa Chungu
Hii sikuwa naijua kabisa. Mbegu zinaenezwa na nani, maana hondohondo hawezi kubeba tunda lile?

#32 Mla Msambu
Panya buku. Anafukia akiba kisha anaisahau. Na watu waliowinda panya buku kule ni wengi, msiniulize walikuwa watamu kiasi gani.

#33 Mswahili wa Bremen
Salaam kutoka Ujerumani. Hapa Saintpaulia iko kwenye kila duka la maua. Imezalishwa na kuchanganywa mpaka kuna nyeupe, waridi, zenye pindo. Mamilioni ya vyungu, lakini hadithi hiyo ilianzia kwenye miamba michache ya Tanga, na kule porini baadhi ya aina zina mimea ya kuhesabu. Mwenzangu kazini alikuwa na tatu dirishani, hakuwa ameisikia Tanga.

#34 Mwanatanga Mjini
Huku Tanga mjini nasi tuiheshimu Amani kwa sababu nyingine. Maji ya bombani ni ya mto Zigi, yanatoka kule juu, yanakusanywa bwawa la Mabayani. Mkifyeka kule, huku tunafungua bomba linatoka tope. Huo ndio utafiti wangu.

#35 Mgosi wa Muheza
Turudi kwenye mada kidogo. Nimewasikiliza wote na bado sijasadiki kuwa karatasi zinaeleza. Hoja ya mwinuko hakuna aliyeigusa: Usambara Mashariki msitu unaanzia chini karibu mita 200 tu na kupanda hadi zaidi ya 1,000. Mimea ya pwani inakutana na ya mlimani kwenye mteremko mmoja. Ukipanda kutoka Zigi hadi Amani unavuka misitu miwili. Na kwa kuwa bahari iko karibu na ukungu unashuka chini, mimea ya mlimani inaota Amani kwenye mita 900, wakati ndani ya bara ungeitafuta juu zaidi.

#36 Mtaita Damu
Taita haina msitu wa chini, na bado ina mimea yake. Sasa?

#37 Mgosi wa Muheza
Ina yake, ila si mingi kama yetu. Ndiyo maana nasema.

#38 Karatasi Kavu
Si mingi kwa sababu msitu wa Taita umebaki vipande vidogo sana. Ukubwa wa eneo, Mgosi. Udzungwa ndiyo safu kubwa kuliko zote, hifadhi ya taifa pekee ina kilomita za mraba 1,990, na nina hakika itaipita Usambara wakimaliza kuitafuta. Wekeni akiba ya maneno.

#39 Mzee wa Shebomeza
Kuna misitu midogo ambayo haikukatwa hata wakati wa msumeno. Ile ya mizimu, ya matambiko. Sisi wenyewe tulikataa kuingiza mashine. Kuna miti humo sijaiona penginepo. Msiandike kwamba watu wamefyeka tu.

#40 Binti Mbomole
Babu, hiyo iwe uzi wake kabisa. Nitakuja Jumamosi niandike yote unayokumbuka, majina ya miti kwa Kisambaa na Kibondei, kabla wanaoijua hawajapungua zaidi.

#41 Mpita Njia
Nimejifunza sana. Ila Jiwe Gumu alitaja Nguu kwenye orodha ya safu 13 na hakuna aliyeigusa tena. Kuna mtu hapa anayetoka Kilindi au Handeni?

#42 Mzigua wa Kilindi
Nipo. Misitu ya Nguu ipo juu ya vilele, chini ni kukavu kweli. Msambu upo, nimeuona. Mtambara sijui. Picha za majani naweza kupiga nikipanda wiki ijayo, Karatasi Kavu nielekeze nipige upande gani wa jani.

#43 Karatasi Kavu
Juu na chini, na pale linaposhikana na tawi. Maua au tunda kama lipo, hata lililodondoka. Gome pia, ukilikwangua kidogo uone rangi ya ndani na kama linatoa utomvu. Andika mwinuko. Na uombe ruhusa ya kijiji na ya watu wa misitu kabla hujachuma chochote.